Supu Ikiondoka Bakulini: Kupika Tambi za Kijapani za Nyama ya Kusaga Nyumbani

Anayeijua rameni, lile bakuli la tambi za Kijapani lililojaa supu hadi ukingoni, akisikia kwamba Wajapani wana tambi nyingine zisizo na supu kabisa huona kama kazi imepungua. Chemsha tambi, chuja, mwagia nyama ya kusaga, tia soya sosi, kula. Ukifanya hivyo utapata tambi zilizogandamana kuwa bonge moja, kavu juu, chumvi imetuama chini, na nyama imejikusanya pembeni kama changarawe. Nimekula bakuli la namna hiyo, nililolipika mwenyewe, na nikalimaliza kwa kuwa chakula hakitupwi.

Kosa halikuwa kwenye tambi wala kwenye nyama. Lilikuwa kwenye kudhani kwamba supu ni maji ya kusindikizia tu. Katika rameni, supu ndiyo inayoibeba chumvi na kuisambaza. Ndiyo inayozitenganisha tambi, inayotunza joto, inayoipandisha harufu ya mafuta hadi puani, na inayosuuza kinywa kati ya tonge na tonge. Ukiiondoa, kazi hizo zinabaki pale pale zikingoja wa kuzifanya. Mapishi ya tambi zisizo na supu, ukiyatazama vizuri, ni kuzigawa upya kazi hizo: hii apewe mafuta, ile apewe yai, nyingine wanga wa tambi zenyewe. Ukishaelewa nani amepewa nini, hata ukikosa kiungo fulani utajua cha kuweka badala yake.

Majina yanayochanganya

Tuanze na majina, maana hapo wengi hupotea kabla hata ya kuwasha jiko. Mazesoba ni jina la mtindo mzima, na "maze" linatokana na kitenzi cha kuchanganya. "Soba" kwa asili ni tambi za kijivujivu za mbegu ya mmea usio jamii ya ngano. Lakini Wajapani walipozipokea tambi za ngano kutoka China waliziita soba za Kichina, na neno likang'ang'ania. Kwa hiyo ndani ya mazesoba hakuna soba yenyewe: ni ngano tupu. Kabla yake kulikuwa na aburasoba, yaani tambi za mafuta, zilizoanza katika vitongoji vya magharibi mwa Tokyo miaka ya 1950, karibu na vyuo, kwa ajili ya wanafunzi waliotaka kushiba kwa bei ndogo. Hizo huwa na soya sosi na mafuta chini ya bakuli, na mlaji anajiongezea siki na mafuta ya pilipili mezani.

Bakuli lenye nyama ya kusaga ambalo watu wengi wanalitafuta leo linaitwa Taiwan mazesoba, na halikutoka Taiwan. Lilizaliwa mjini Nagoya, Japani, mwaka 2008, katika duka la Menya Hanabi la Niiyama Naoto. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijaribu kupika rameni ya Taiwan, akakaanga nyama ya pilipili na kitunguu saumu, akaona haiendani na supu yake, akataka kuitupa. Mfanyakazi wake mmoja wa muda akamwambia aiweke juu ya tambi zilizochemshwa tu, bila supu. Hiyo rameni ya Taiwan nayo ni ya Nagoya: ilianzishwa miaka ya 1970 katika mgahawa wa Misen na Guo Mingyou, mwenye asili ya Taiwan, akiiga tambi za danzai za mji wa Tainan huku akizitia pilipili nyingi. Jina Taiwan limerithiwa kutoka sahani moja kwenda nyingine, kama jina la babu.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa Kiswahili analielewa kwa haraka. Danzai ni kubeba kwa mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo mbele na nyuma. Mwaka 1895 mvuvi wa Tainan aliyeitwa Hong Yutou, msimu wa dhoruba ulipomzuia kwenda baharini, alianza kuzunguka na tambi zake begani namna hiyo, akiuza vibakuli vidogo vyenye nyama ya nguruwe ya kusaga juu. Na tambi nyingine mashuhuri za nyama ya kusaga, zile za jimbo la Sichuan nchini China, zinaitwa dandan, neno la mti ule ule wa begani. Aghalabu huelezwa kwamba tambi za dandan hazikuwa na supu ya maana kwa sababu hiyo: nani ataweza kutembea mjini kutwa nzima na sufuria la supu likiningʼinia begani? Mpishi Chen Kenmin, aliyefungua mgahawa wa Kisichuan mjini Tokyo mwaka 1958, ndiye aliyezitia supu ili Wajapani wazipende, zikaitwa tantanmeni. Miaka arobaini na kitu baadaye, mji wa Hiroshima ukaitoa supu tena. Ndiyo maana huko utakuta maduka mengi ya "shirunashi tantanmeni", tambi za dandan zisizo na supu, na neno shirunashi limekuwa la lazima kwa sababu tantanmeni bila maelezo sasa humaanisha zenye supu.

Wa tatu katika ukoo huu ni jajameni wa mji wa Morioka, kaskazini, wenye tambi pana laini, nyama iliyopikwa na miso, lile rojo la soya iliyochachushwa, na matango. Nitamrudia mwishoni.

Hapa tutapika la Nagoya, tukiazima jambo moja au mawili kutoka Hiroshima.

Tambi

Tambi za rameni si sawa na spageti, ingawa zote ni ngano. Tofauti ni maji ya alkali yanayokandiwa unga, ambayo Wajapani huyaita kansui: kabonati ya sodiamu na ya potasiamu. Alkali hiyo huzifanya tambi ziwe za manjano hata bila yai, kwa sababu kuna rangi ndani ya unga wa ngano ambayo huwa haionekani mpaka iguswe na alkali. Pia huzifanya zikaze na kurudisha meno kidogo unapotafuna.

Afrika Mashariki neno tunalo: ni magadi. Magadi ya Ziwa Magadi upande wa Kenya na ya Ziwa Natron upande wa Tanzania yana kabonati na bikaboneti ya sodiamu kwa pamoja. Kinachoshangaza ni kwamba kipande kile kile kinacholainisha maharage na makande ndicho kingezikaza tambi. Sababu ni kwamba kinakutana na vitu viwili tofauti. Kwenye maharage, alkali huvunja ile gundi inayozishikamanisha chembe za mmea, punje ikalegea. Kwenye ngano hukutana na gluteni, ule utando unaoufanya unga wa chapati uvutike, na utando huo hubana zaidi. Hata hivyo usichukue bonge la magadi la sokoni ukalisaga kwenye unga wa tambi. Magadi ghafi hubeba floraidi, na tafiti za meno zilizofanywa Tanzania zimeyahusisha na meno kugeuka rangi ya kahawia. Tumia bikaboneti ya dukani, ile ya keki.

Njia ya haraka ni hii, na hata Japani wapo wanaoitumia. Chukua spageti nyembamba, gramu 100 kwa mtu mmoja. Chemsha maji, na kwa kila lita tia vijiko viwili vya chai vya bikaboneti, kidogo kidogo, kwa maana maji yatafura na kutoa povu kama maziwa yanayotaka kumwagika. Usitie chumvi. Chemsha spageti hadi iive sawasawa, pengine dakika moja zaidi ya ulivyoelekezwa kwenye pakiti. Utaona zinavimba, zinageuka manjano, na harufu yake inakuwa ya rameni. Maji hayo yana ladha ya sabuni, kwa hiyo ukizichuja zitumbukize sekunde kumi kwenye sufuria jingine la maji safi yanayochemka, kisha uzichuje tena.

Angalizo moja: sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alkali inayochemka huishambulia alumini, sufuria ikawa nyeusi ndani na chakula kikabeba ilichokwangua. Tumia sufuria ya stili au iliyopakwa enameli.

Anayetaka kukanda tambi zake mwenyewe aibadilishe kwanza bikaboneti iwe kabonati. Itandaze kwenye trei, uiweke kwenye oveni kwa nyuzi 130 hivi kwa saa moja. Itatoa maji na hewa, na gramu 100 zitabaki takriban 63. Ukipima na kuona uzito umeshuka hivyo, ujue imekamilika. Unga huo ni mkali kuliko ulivyokuwa, usiushike kwa mkono uliolowa wala usiuvute puani, na uuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa jina, asije mtu akaokea nao keki. Kwa gramu 100 za unga wa ngano, gramu moja ya kabonati, gramu moja ya chumvi na mililita 40 za maji zinatosha. Donge litakuwa gumu na la kupasukapasuka, tofauti kabisa na la chapati, na mikono itakuambia umekosea vipimo. Hujakosea. Lifunge kwenye nailoni, liache nusu saa, ndipo ulisukume. Kwa bakuli hili kata tambi nene kidogo, kwa kuwa nyembamba sana huzidiwa na nyama.

Sasa lile linalozitofautisha tambi hizi na nyingine zote. Katika duka la Nagoya, tambi zikishatolewa majini, mpishi huzikoroga kwa nguvu na kijiti cha mbao zikiwa bado ndani ya chujio, kana kwamba anazikwangua. Tumefundishwa kuzilinda tambi zisichubuke, na hapa zinachubuliwa kwa makusudi. Uso wake ukikwaruzwa hutoa wanga wa kunata, na wanga huo ndio unaoushika mchuzi na kuyafunga mafuta yasitengane. Hapo kazi mojawapo ya supu imekabidhiwa. Nyumbani tumia mwiko: zungusha tambi ndani ya chujio kwa nusu dakika, ukizibana kwenye ukuta wake, mpaka uone zimepoteza mng'ao na zinaburutana badala ya kuteleza. Na usizisuuze kwa maji ya baridi, maana wanga wote utakwenda na maji.

Nyama

Kwa watu wawili, gramu 250 za nyama ya nguruwe ya kusaga zinatosha. Chagua yenye mafuta, robo ya uzito wake au karibu na hapo. Wauza nyama wengi hukusagia mnofu mtupu wakidhani wanakupa kilicho bora, na kwa sahani nyingine wangekuwa sahihi. Kwa hii mwombe aongeze kipande cha tumbo, kwa kuwa mafuta yatakayotoka humo ni nusu ya mchuzi wako.

Weka karai kwenye moto, tia kijiko kimoja cha mafuta, likipata moto itandaze nyama yote kama chapati nene na uache mkono wako mbali nayo. Hapa ndipo subira inapohitajika. Kwa dakika mbili tatu za mwanzo utasikia sauti ya kuchemka, nzito, ya kububujika, na nyama itaelea kwenye maji ya kijivu. Ukiikoroga sasa na kutia viungo utapata nyama ya kuchemsha yenye harufu ya nguruwe. Iache. Maji yatakauka polepole, sauti itapanda na kuwa nyembamba, ikichakarika kama mvua juu ya bati, na pembeni utaona mafuta yamejitenga. Tazama rangi ya mafuta hayo: yakiwa bado na ukungu, ndani mna maji. Yakiwa maangavu kiasi cha kuona chini ya karai kupitia kwake, maji yamekwisha na ndipo nyama inaanza kukaangika. Sasa igeuze, ivunjevunje kwa mwiko, iache tena ipate rangi ya kahawia. Vibonge vya ukubwa wa harage vibaki. Ikisagika kuwa unga itapotea kati ya tambi.

Nyama ikifika hapo imeiva kabisa kabisa, na jambo hilo lina uzito wake kwa nguruwe. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki tegu wa nguruwe bado yupo, na nyama ya kusaga, tofauti na pande zima, huwa imechanganya ndani na nje, kwa hiyo hakuna sehemu yake inayoruhusiwa kubaki nyekundu.

Punguza moto. Tia punje nne za kitunguu saumu zilizokatwakatwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, na pilipili kavu tatu hadi sita zilizovunjwa. Viungo hivi vinaingia kwenye mafuta maangavu baada ya nyama kukaangika, ili harufu yake ikae ndani ya mafuta. Kumbuka kazi ya kuipandisha harufu puani: supu ilikuwa inaifanya kwa mvuke, sasa imepewa mafuta. Saumu ikianza kubadilika rangi tia kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi, kijiko cha chai cha sukari, pilipili manga ya kutosha, kijiko cha chai cha sosi ya chaza kama unayo, na vijiko vinne vya maji. Acha ichemke taratibu hadi maji yaishe na mafuta yarudi juu yakiwa mekundu. Zima.

Wasiokula nguruwe, na wasomaji wengi wa lugha hii hawali, hawajafungiwa nje ya bakuli hili. Ng'ombe wa kusaga mwenye mafuta anakubali hatua zote hizo bila kubadilisha chochote, ila mafuta yake huganda mapema yakipoa, kwa hiyo toa vijiko viwili uongeze mafuta ya kawaida mahali pake. Kuku wa mapaja pamoja na ngozi yake akisagwa anakaribia zaidi ulaini wa nguruwe. Angalieni tu chupa za mirini, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, na sosi nyingine za Kijapani mnazonunua, maana nyingi zina kileo. Sukari na siki kidogo hufanya kazi hiyo bila shida, na humu sijaiweka mirini kabisa.

Chumvi, mafuta na dagaa

Kosa la pili kwa ukubwa ni chumvi. Mtu huchukua vipimo vya rameni ya supu, akatia soya sosi ile ile, akaacha maji tu. Fikiria hesabu yake. Kijiko cha chakula cha soya sosi ya Kijapani kina chumvi gramu 2.5 hivi. Kwenye rameni watu wengi huacha supu nyingi bakulini, na chumvi inabaki nayo. Kwenye tambi hizi hakibaki kitu: kila tone lililoingia bakulini litaingia tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Ndiyo sababu kwa kila bakuli natia vijiko viwili vya chai tu vya soya sosi, nikijua nyama nayo imeshabeba yake. Ukionja mchuzi huo peke yake utaona ni mkali. Ukishasambaa kwenye tambi utaona umetosha.

Chini ya kila bakuli, basi, weka hiyo soya sosi, kijiko cha chai cha siki, nusu kijiko cha sukari, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta yaliyokaangwa, na vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto safi. Siki haina budi kuwepo. Ile kazi ya kusuuza kinywa kati ya tonge na tonge ndiyo imekabidhiwa, na bila yake utashiba mafuta kabla hujafika nusu.

Kinachobaki ni kina cha ladha, kile ambacho supu ya mifupa hukipata kwa kuchemka saa nyingi. Nagoya hukipata kwa unga wa samaki wakavu unaonyunyizwa juu. Kuna historia nzuri nyuma yake. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae wa Tokyo alitambua kwamba utamu wa mchuzi wa mwani wa kombu unatokana na glutameti, akaupa jina umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Kodama Shintaro akaonyesha kwamba ladha ya samaki wakavu inatoka kwenye kitu kingine, inosineti. Viwili hivyo vikikutana mdomoni ladha hukua zaidi sana kuliko kila kimoja peke yake. Soya sosi inaleta glutameti, samaki wanaleta inosineti, na hapo unayo nguvu ya supu bila supu.

Samaki hao kwetu ni dagaa. Wajapani hutumia, pamoja na wengine, vidagaa vya jamii ya sadini vilivyochemshwa na kukaushwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaojulikana zaidi kama dagaa wa Kigoma, ni wa jamii hiyo hiyo ya sadini. Wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, ni ukoo mwingine wa samaki na wana uchungu zaidi, lakini nao wanafaa. Ondoa vichwa na matumbo bila kuruka hata mmoja, kwa sababu uchungu wote uko humo. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole, kisha watwange kwenye kinu. Harufu itakayotoka wakati mchi unapowavunja ni ya kuokwa, ya kina, isiyo na shombo. Ikiwa shombo ipo, warudishe motoni. Kijiko cha chai kwa kila bakuli kinatosha. Huu ndio ubadilishanaji ninaoupenda kuliko wote katika mapishi haya, kwa kuwa haujapunguza kitu.

Mwani wa nori, zile karatasi nyeusi ambazo Nagoya huziweka juu ya bakuli, ni hadithi nyingine. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina tofauti, unaouzwa kwa ajili ya ute wake mzito unaotumika viwandani, na hautengenezi karatasi nyeusi za nori. Ukikosa nori, iache tu. Majani ya nira, yenye harufu ya saumu, yabadilishe na majani ya kitunguu yaliyokatwa laini pamoja na punje moja ya saumu mbichi iliyopondwa.

Yai, na kuchanganya

Juu kabisa ya bakuli la Nagoya hukaa kiini kibichi cha yai. Kiini si pambo. Kina lesithini, kitu kinachoshika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, na ndicho kinachougeuza mchuzi kuwa rojo laini linalozivaa tambi. Mayai ya Japani huoshwa, hukaguliwa, na hupewa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi. Mengi ya kwingine hayakuandaliwa kwa matumizi hayo, na joto la tambi halitoshi kuua vijidudu vya salmonela, hata kama kiini kinaonekana kimepata moto. Kwa watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa, yai libadilishwe. Njia ninayoitumia nyumbani ni kuchemsha yai likaiva kabisa, kuponda kiini chake na kijiko cha maji ya moto na matone ya mafuta mpaka kiwe kama krimu, na kukiweka juu. Njia ya pili ni ya Hiroshima: ufuta uliosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli, unaingia pamoja na mchuzi wa chini. Siagi ya karanga isiyotiwa sukari hufanya kazi ile ile, na hata wapishi wa Japani huikimbilia wanapoishiwa ufuta.

Sasa joto. Bakuli baridi litaua kila ulichokifanya, kwa kuwa hakuna supu ya kulinda joto na mafuta ya nguruwe huanza kuganda mapema sana. Kabla tambi hazijaiva, jaza bakuli maji yanayochemka, limwage dakika ya mwisho kabisa, ndipo utie mchuzi. Kila kitu kiwe tayari mezani na mlaji awe ameketi. Mchuzi chini, tambi zilizokwanguliwa juu yake, nyama katikati pamoja na mafuta yake yote, majani ya kitunguu upande huu, dagaa upande ule, kiini kileleni.

Halafu anayekula ndiye anayemaliza kupika. Maduka ya Hiroshima huwasihi wateja wachanganye mara 30 hivi kabla ya tonge la kwanza, na agizo hilo lina maana. Anza chini, inua, geuza. Raundi za kwanza utahisi vijiti au uma ukielea kwenye mafuta, tambi zikiteleza. Ikifika kama raundi ya kumi na tano, uzito unabadilika mkononi: mchuzi uliokuwa majimaji chini umetoweka, tambi zimekuwa na rangi moja ya kahawia iliyoiva, na bakuli linatoa sauti ya mnato. Chini kukiwa bado na kidimbwi, endelea. Zikikataa kuachana, kijiko kimoja cha maji ya moto kitazilegeza.

Tambi zikiisha, chini ya bakuli hubaki mabaki ya nyama, mafuta, dagaa na rojo. Duka la Nagoya humletea mteja wakati huo kijiko kikubwa cha wali, kinachoitwa oimeshi, wali wa kufuatia, uchanganywe humo hadi bakuli libaki jeupe. Wali wa jana uliopashwa moto unafaa kabisa. Morioka wao hufanya kinyume, na huyu ndiye jajameni niliyeahidi kumrudia: unaacha nyama kidogo, unapasua yai kwenye sahani na kulipiga, kisha mhudumu anamimina maji yanayochemka ya tambi na kuongeza miso. Wanaita chiitantan. Nyumbani, kama ulichemshia kwa bikaboneti, maji ya tambi usiyaguse. Chemsha kikombe cha maji safi, lipike yai humo hadi ligande nyuzinyuzi, umimine bakulini na majani ya kitunguu yaliyobaki, unywe ingali moto.